Mengineyo

Nimeandika tarehe. Nimeandika mahudhurio:
wanaume arobaini na mmoja, wanawake sabini na watatu.
Mbuzi sikuwaandika, ingawa walifika kabla ya mtendaji.
Agenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, madarasa.

Hapa Chihembe siku ya mkutano kila mtu ni fundi.
Mzee Chedego kasimama na fimbo yake, anataka ghorofa.
"Makao makuu yamehamia hapo tu, kilomita sitini,
sisi tubaki chini kama viazi?"
Watu wakacheka. Nikaandika: mjumbe mmoja
alipendekeza jengo la kwenda juu.

Sechelela hakucheka.
Alisema darasa la pili lina watoto mia moja arobaini na watatu,
wanapokezana madawati,
wa asubuhi wanaacha joto, wa mchana wanalikalia.
Lakini yeye, kabla ya darasa, anaomba choo.
Choo chenye mlango. Mlango wenye komeo kwa ndani.
Binti yake ana miaka kumi na mitatu,
na kila mwezi kuna siku nne daftari lake halina tarehe.
Hapo kalamu yangu ilikwama, na wino ulikuwepo.
Wanaume waliangalia viatu vyao.
Mmoja akakohoa, akauliza bei ya saruji.

Bei ya saruji anaijua fundi Malogo.
Anaujua na udongo huu: kiangazi unapasuka
unameza funguo za baiskeli, masika unavimba kama unga wenye hamira.
"Msingi ule ulichimbwa kwa haraka ya mgeni rasmi.
Oneni ufa. Ulianza kama unywele,
sasa mjusi anapita na mkia wake."
Na mabati, nani asiyejua? Mara mbili tumeyafuata mashambani
baada ya upepo wa Agosti.
Moja tulilikuta kwa Ndahani, keshalifanya mlango wa banda la kuku,
na mpaka leo anasema limeletwa na Mungu.

Agenda ya tatu, eneo. Hapo maneno yakachacha.
Magharibi ni korongo. Mashariki ni zabibu za Mendrada,
mistari sita, aliyoinywesha kwa ndoo ya kichwani
mwaka ule kisima kilipotoa tope.
Wakasema atafidiwa. Wakasema maendeleo.
Wakasema shule ni ya wote.
"Hao wote," akauliza Mendrada, "ni kina nani,
mbona mistari inayong'olewa ni yangu peke yangu?"
Nikaandika: linajadiliwa.

Mchango, elfu kumi na mbili kila kaya.
Asiye nayo, debe la uwele. Asiye nalo,
safari tatu za mchanga kutoka korongoni.
Wanaoafiki? Nikahesabu mikono.
Mingine ilinyooka nusu, kama inafukuza nzi.

Yakabaki mengineyo.
Mwenyekiti keshaanza kufunga vifungo vya koti
ndipo mtoto mmoja, hakualikwa, nje ya dirisha,
amekanyaga tofali ili tumwone,
akanyoosha kidole kama alivyofundishwa:
"Madirisha yawe chini."
Kwa nini? "Ng'ombe wakipita nasikia kengele tu.
Sijui kama ni wetu."

Kicheko, mpaka mbuzi wakashtuka.
Malogo akamwita ndani, akamsimamisha ukutani,
akachora mstari wa mkaa
chini kidogo ya kidevu.
Akatoa futi, akapima, hakumwambia mtu kipimo.

Kisha upepo ukaingia na vumbi lake,
ukafunga mkutano kabla ya mwenyekiti.

Sasa ni usiku, nanakili kwa taa ya sola.
Mistari ya Mendrada bado inajadiliwa,
nimeiachia nusu ukurasa.
Dirisha nimeliandika kwa maneno ya mtoto mwenyewe.
Choo nimekitoa chini, nimekiweka namba moja.
Hakuna aliyenituma.
Anayepinga aje mkutano ujao,
aje na mkono ulionyooka mzima.