Mita Tisini na Mbili

Fomu inauliza: mlima gani?
Hapa Pemba hatuna mlima.
Tuna vilima, na mabonde ya mpunga katikati yake,
na mtu akitoka Konde kwa baiskeli
hushuka akaisukuma, akapanda, akashuka tena,
wala hasemi amevuka milima.
Nikaandika: mita tisini na mbili.
Kwa kiumbe cha urefu wa kidole cha shahada
huo ni mlima.

Alikuja ndani ya kopo la maziwa ya unga
mkononi mwa Shaame, mchumaji wa karafuu.
"Dada Mize, huyu si yule wa dari."
Umejuaje?
"Yule wa dari hutizama taa. Huyu kanitizama mimi."
Mkia, alisema, ulibaki mtini
ukirukaruka peke yake kama hasira ya mtoto.

Siku kumi na moja nikahesabu.
Magamba chini ya kidevu.
Vijitundu vya mapajani: sita kushoto, saba kulia;
nikarudia: saba, saba,
macho yangu ndiyo yaliyochoka.
Nilihesabu kama mama apimavyo pishi,
bila kuamini mkono wa mwenziwe.
Vitabu vina ndugu zake wa Usambara, wa Uluguru,
wa ng'ambo ya maji yenye kina.
Yeye hayumo.
Kisiwa kiliachana na bara zamani mno
naye akabaki upande huu
bila hata barua ya sheha.

Hapa ndipo kalamu iliponiuma.
Sheria ya majina inataka mwili.
Si picha, si maneno ya Shaame, si kiapo changu:
mwili, ndani ya chupa, na kibandiko cha uzi.
Ili ulimwengu ukiri kuwa mpo
sharti mmoja wenu asiwepo.
Nilifanya usiku, mlango nimeufunga.
Nikasema bismillahi, halafu nikaona haya,
maana sikuwa namchinja kwa ajili ya kula.

Kaskazini ya kilima kuna tanuri la chokaa.
Kombo Asaa hulipanga: gogo, jiwe, gogo, jiwe.
Nilimwendea na karatasi zangu.
Hakunifukuza. Alinimenyea chungwa.
"Nyumba unayolala imepakwa chokaa ya nani?"
Yake.
Nikala chungwa, kokwa nikazitemea kiganjani
kwa kukosa jibu.
Tukakubaliana nusu:
mivule na mipapindi iliyo juu ya jiwe la mpaka isiguswe,
chini yake apande mivinje, akate mivinje.
Usiniite mshindi. Wiki iliyopita
nilikuta kisiki kibichi kikitoa utomvu,
na jiwe lenyewe limepanda hatua nne
kwa miguu lisiyokuwa nayo.

Nyumbani, mama yangu Kaije ana ufagio na ana hoja:
mjusi alipuliza moto, siku ile ya moto.
Wauawe wote, wa dari na wa huo mlima wenu.
"Kwani wako kasilimu lini?"
Nikamwonesha picha.
Rangi ya karafuu iliyoanikwa ikakauka sawasawa,
ile ya daraja la kwanza,
na doa jeupe nyuma ya jicho.
Akavaa miwani. Akanyamaza
muda wa kuchambua konzi moja ya makonyo.
"Mzuri," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.

Jina la Kilatini bado liko kwa wenyewe,
linasubiri sahihi za watu watatu
ambao hawajapata kusukuma baiskeli Konde.
Hapa kijijini ni Mjusi Shaame,
na Shaame hukasirika, kisha husahau.
Mti aliomtoa sitautaja, hata humu:
wapo wanunuzi wa viumbe vya kutia kwenye vioo,
na karatasi haina mlango wa kufunga.

Jana usiku kitu kilikimbia ukutani.
Mama aliunyanyua ufagio,
akaushusha,
akawasha tochi ya simu.
"Mize! Hebu njoo uhesabu."