Ringi za Themanini na Mbili

Ilinoki mlimani, juu ya Zestaponi,
mshale wa joto umelala kwenye wekundu
na mjomba Guram anasema, Twende tu, mshale huo muongo.
Haukuwa muongo.

Novemba nzima injini imelala juu ya meza ya jikoni,
maana banda la nje halina paa,
na meza hii mama aliipiga msasa mwenyewe
kabla hajaenda Bari kumwogesha kikongwe wa watu.
Nimetandika magazeti. Nimehamisha chumvi.
Silinda hedi imepinda kama kifuniko cha sufuria iliyosahauliwa motoni,
pistoni ya tatu imeyeyuka bega,
ringi zake vipande vipande, vyembamba, kama kucha zilizokatwa.

Nilimtajia tu kwenye simu.
Akaandika namba nyuma ya risiti ya duka la dawa,
akapanda mabasi mawili Alhamisi, siku yake ya kupumzika,
akamwonyesha mwenye duka: hii. Ya Niva. Ya mwanangu.
Kifurushi kilifika na seti nzima,
na soksi, na kahawa,
na kipande cha sabuni ili vyote vinukie.

Themanini na mbili kamili.

Lakini Gela wa Chiatura alikwisha kuichonga bloku,
kwa mashine ya mgodini, usiku, kwa chupa mbili za divai,
akala nukta nne za milimita kuondoa mikwaruzo.
Nukta nne. Nywele tano zikilazwa ubavu kwa ubavu.
Nilitia ringi ya mama ndani ya silinda,
nikaisukuma kwa pistoni ikae sawa, nikatazama mwanya:
sarafu ya tetri kumi ikapita.
Nikaitoa. Nikaipangusa. Nikairudisha kwenye karatasi yake
iliyonukia sabuni.

Rustavi, sokoni, katikati ya mizoga ya magari,
Tsiala aliniuzia ringi za nukta nne na pistoni zake,
na hedi ya gari lililogongwa.
Liligongwa nyuma, alisema,
huku mbele hakuna aliyepata habari.

Beringi nimezipaka mafuta kwa kidole.
Bolti za hedi nimezikaza kutoka katikati kwenda nje,
raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu ndipo zikalia.
Mjomba alishika tochi. Tangu mlimani hasemi sana.
Tulipomaliza, washa moja ilibaki kwenye kisahani.
Tukaitazama. Nikaitia mfukoni.

Jumapili nikaweka simu juu ya bodi.
Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa,
ikatema moshi mweupe uliowatoa majirani nje,
kisha ikashika, na vikombe vya jirani vikatetemeka dirishani.
Ni zangu hizo? mama akauliza kutoka Bari.
Ni zako.
Zinasikika vizuri.
Vizuri mno, mama.

Atatua Kutaisi Jumatano, saa nane za usiku.
Ringi zake nimezifunga kwenye kitambaa
chini ya kiti atakachokalia.

Mjomba alisikia yote. Hakusema kitu.
Alizima tochi, akainama dirishani,
akauangalia mshale ukipanda polepole hadi katikati,
akaendelea kuuangalia
hata uliposimama.