Matundu Manne

Mama yake alikuja dukani kwangu, Mtaa wa Sikukuu,
na yadi mbili za kitambaa cheupe.
"Hakuna sufu wala kitani humu, fundi?"
Pamba tupu, nikamwambia, hadi uzi.
"Basi kila pembe nitobolee tundu."

Miaka thelathini nakula kwa kuziba matundu:
makwapa, mifuko, magoti ya kaptula za shule.
Leo nalipwa kutoboa.

Binti mwenyewe, Hadasa, alikaa kwenye kigoda,
miguu imemzidi urefu,
akipitisha nyuzi nne, akizikunja zikawa nane:
fundo, zungusha saba, fundo, zungusha nane,
kumi na moja, kumi na tatu, fundo.
Akikosea alifumua, akatukana kidogo
kwa Kiswahili cha Kariakoo, safi kabisa.

"Wakikufunda wanakufungia ndani?"
"Hapana. Nasoma. Mbele za watu."
"Unasoma nini?"
"Habari za mabinti watano
waliosimama kudai shamba la baba yao."
"Wakapewa?"
"Wakapewa."
Mguu wangu ukasahau pedali.
"Ila hawakuwa na kaka," akaongeza.
Ah. Mimi ninao watatu,
na mikorosho ya baba iko Mkuranga.

Mimi nilipokuwa mwali
nilikaa gizani mpaka ngozi ikapauka,
nikafundwa kushusha macho,
nikayashusha; sijui nani alipaswa kuniambia niyainue.

Jumamosi wakanialika Upanga, ghorofa ya tatu.
Walitaka watu kumi wa kwao, walikuwa tisa.
Tukangoja, feni inazunguka.
Wa kumi akafika kwa miguu kutoka Kinondoni,
shati limemganda mgongoni,
wakamshangilia kama bwana harusi.

Hadasa akajitanda kazi yangu.
Akashika kidole kidogo cha fedha,
akakipitisha juu ya herufi bila kuzigusa,
akasoma. Sikuelewa neno.
Nilipoisikia sauti yake ikipanda
nikajua wale watano wamesimama.

Bibi yake, mzaliwa wa Yemeni,
akapiga kigelegele. Hicho nilikielewa!
Nikamjibu kwa changu, cha Kizaramo,
na watoto wakamrushia pipi mwali,
moja ikanipata sikioni.

Jumapili nilimpigia kaka mkubwa.
Hakupokea.
Nikamaliza sketi ya mtu, nikakata uzi kwa meno,
nikapiga tena.