Wageni wa Probox

Hatukuwa na safari ya Londiani.
Tulikuwa tunakwenda Kimilili, likizo ya Agosti,
watoto wawili nyuma, kuku mmoja ndani ya katoni,
mimi na Wepukhulu tumenuniana tangu Salgaa
kwa neno moja alilolisema kuhusu dada yangu.

Mshale wa joto ukapanda
kama hasira ya mtu mpole.
Moshi. Kona. Mtaa mmoja wa mabati yenye kutu,
saa nane mchana na ukungu bado haujaamka kitandani,
punda amesimama katikati ya reli
kama karani aliyesahauliwa na kampuni.

Fundi akainama juu ya rejeta.
"Iacheni ipoe," alisema,
akatutazama mmoja mmoja:
"Na nyinyi pia, poeni."

Tukanywa chai. Tukala viazi vya kuchoma, chumvi kwenye gazeti.
Mvua ikatusukuma ndani ya studio ya Tapkigen,
mwanamke wa kofia ya sufu na glavu zisizo vidole,
aliyeuchora ukuta wake kwa mkono wake:
ghorofa mbili, maua makubwa kuliko madirisha,
na gari jekundu lisilochemka.

"Baba, sogea.
Sogea tena. Huyo si mkeo?"

Akasogea.
Mkono wake begani kwangu ulikuwa baridi,
unanuka petroli.
Sikuutoa.
Nanjala alimpakata kuku. Mdogo alicheka,
na sisi, kwa kumcheka yeye, tukacheka.

Taa ikamulika, kisha umeme wote ukapotea.
"Mashine imelala. Pitieni kesho."
Tulilipa mia mbili. Akaandika kwenye bahasha,
kwa herufi za mtu asiye na haraka:
*Wageni wa Probox, Agosti.*

Kesho tulikuwa Kimilili.
Kurudi, tulishika njia ya Kapsabet.

Mwaka huu tumegawana vitu, mimi na yeye,
bila kelele: sufuria kwangu, redio kwake,
albamu tukaikata katikati kama mkate.
Ile ya Londiani hakuna aliyeidai.

Labda panya wameila. Labda Tapkigen alihama.
Lakini siku nyingine, nikiosha vyombo vichache,
naifungua ile droo nisiyowahi kuiona:
mvua juu ya mabati, bega kwenye bega,
na yule kuku, tuliyemla Jumapili,
bado anaikodolea macho kamera.