Jumanne, Saa Mbili Asubuhi

Nilikikuta nikifua, mfukoni mwa sweta la shule:
kitambaa kigumu kama ganda la mti,
kinanuka kiwanda cha plaiwudi.
Nikadhani ni cha baba yake.
Baba yake hajawahi kushika gundi.

Hapa Mafinga majirani wana methali mkononi, na fimbo mkononi:
samaki mkunje angali mbichi.
Walisema kunja.
Mkono wangu ukasikia vunja.

Siku tatu hakunisemesha,
nami nikaona haya kuitazama miguu yake.

Tabibu Mlowe hakuuliza kwa nini.
Aliuliza, "Unalala saa ngapi, Osmund?"
Halafu, "Asubuhi na baridi hii, njiani mnakuwa wangapi?"
Mwanangu, miaka kumi na minne,
akahesabu kwa vidole. Wanne.
Kisha akakunja kimoja.
Kalisti.
Mimi nilikwenda matangani, nikapika, nikaosha masufuria,
nikaambiwa ni homa.

"Umemleta mapema, mama."
Mapema! Nami usiku kucha
nilikuwa nikijihesabia nimechelewa.

Leo Jumanne ya saba.
Ile ya nne alikuwa amerudia; macho yaliniambia
kabla hajafungua mdomo.
Nikakoroga uji wa ulezi, nikamsubiri amalize,
tukaenda hivyo hivyo.

Ukungu haujaamka kwenye misindano.
Malori ya magogo yanatupita, yanatutia vumbi la baridi.
Yeye ametangulia hatua mbili,
mikono yote nje ya mifuko,
vidole vyekundu kwa baridi,
ili nivione.

Sikumwomba.