Kuku Aliyelala

Jina lake lilikuwa Tufaha.
Babu alipomleta Ruwi, mwaka ule lami ilipofika sokoni,
mawifi wa Kiunguja walimtazama juu mpaka chini:
"Kaka katuletea tunda!"
Naye, neno la Kiswahili halijui, akacheka nao,
na kicheko hicho ndicho kilichomfungulia jiko.

Binti wa muuza vitambaa wa Manama,
Myahudi, mwana wa Wayahudi waliotoka Basra
na mkasi, na mizani, na kitabu kilichofungwa ndani ya taulo.
Babu alikwenda kununua kitani ya kanzu moja.
Alirudi dukani mara kumi na nne.
(Hesabu hiyo ni ya bibi. Babu alisema sita.)

Ngeli zilimshinda. "Mtoto kile," alisema, "maji hii,"
tukamwiga mpaka mama akatuchapa.
Aliapa kwa Kiarabu cha Basra,
alipatana bei kwa Kihindi cha sokoni,
na uchungu ukimzidi alinyamaza
kwa lugha nisiyoijua.

Ijumaa, magharibi haijaingia,
alijifungia chumba cha cherehani.
Tulipokezana tundu la ufunguo:
mishumaa miwili, viganja juu ya macho,
midomo inakwenda.
"Bibi, umeme haujakatika!"
"Najua. Hii si ya kuonea."

Usiku huo kuku aliingia chunguni,
tumbo limejaa wali, iliki, nyanya, bizari,
juu ya moto mdogo, mdogo kabisa, hadi asubuhi.
Jumamosi bibi hakuwasha, hakuzima, hakushona.
Mkwewe, Bi Zuwena, asiyependa kuuliza,
aliuliza mara moja: "Mbona kuku wako analala jikoni?"
Chakula kikapata jina.
Mtaa mzima ulikijua kwa jina hilo.
La kwao nimelijua juzi.

Na Ramadhani, nyumba nzima imefunga,
ni yeye aliyeonja chumvi ya mchuzi.
"Ulimi wetu," babu alimwita.

Ndugu zake waliondoka Manama mmoja mmoja.
Barua zilikuja na stempu za London,
kisha hazikuja.
Sikumuuliza. Nilikuwa na mitihani, nilikuwa na harusi,
nilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi.

Alifariki Jumanne, mwezi wa nne, joto likiwa bado na adabu.
Wajomba wakabishana barazani: azikwe wapi?
Mjomba Nasoro alishasema neno kwa mchimba kaburi.
Ndipo mama akalifungua kopo la vifungo,
na chini ya vifungo, karatasi:
Manama. Karibu na mama yangu.

Saa moja na nusu angani, yeye chini, sisi juu.

Makaburi yale ni madogo, ukuta mweupe, lango la chuma.
Sala yao inataka wanaume kumi.
Walikuwapo wanne.
Wajomba zangu watano wakasimama nyuma,
viganja wazi, kwa njia yetu.
Mzee mwenye kofia iliyombana
akatuhesabu, akahesabu tena,
akafuta miwani, akaanza.

Nilikuja na kikuba cha asumini.
Nikaona makaburi mengine hayana ua hata moja,
mawe tu, madogo, yamepangwa na mikono.
Nikakirudisha kikuba mkobani.
Nikainama kutafuta jiwe, na kwa muda mrefu
kila nililookota nililiona halifai.

Ijumaa iliyopita nilijaribu kuku.
Mishumaa sikuwasha; sijui kama ni haki yangu.
Gesi niliiteremsha mpaka ikawa buluu ya kushuku.
Niliamka saa nane, saa kumi, kunusa.
Asubuhi alikuwa ameungua chini.

Mwanangu akakwangua ukoko kwa kijiko,
ule ule ambao mimi na dada tuliupigania
na bibi akaugawa kwa mkasi wa kushonea, sawasawa.
Akala umesimama, mdomo umejaa.
"Mama," akasema, "ukoko hii ipo nyingine?"

Sikumsahihisha.