Ishirini na Mbili Mdomoni

Karisa, kabla ya kuisoma mashine
msome mtu.
Huyu ni Dzombo Nyale, wa winchi za Kilindini.
Makontena ameyashusha tangu ujana;
leo pumzi yake yashushwa na mwingine,
kumi na nne kwa dakika.

Weka kiganja kifuani. Chainuka sawa,
kulia na kushoto? Basi.
Sasa mpira: ishirini na mbili, hapa mdomoni,
palepale alipouacha Riziki wa zamu ya mchana.
Ukisoma ishirini na tano, usingoje asubuhi, niite.
Umezama pafu moja,
na lile jingine linalala njaa.

Inua kichwa cha kitanda. Zaidi kidogo,
kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.
Cha tumboni kisipande, kisipotee njia.
Maji yaliyojikusanya kwenye neli, yamwage,
usiyaache yamrudie.
Na mswaki. Ndiyo, mswaki.
Asiyeweza kusema bado ana kinywa.

Kitufe hiki hunyamazisha kengele dakika mbili.
Nilikibonyeza, mwaka wangu wa pili kazini,
usiku wa Ramadhani, nimalize kikombe cha uji.
Nyuma ya mto
neli ilikuwa imechomoka.
Dakika mbili ni ndefu, Karisa.
Sitakwambia jina lake.
Nalijua.

Kengele ikilia, mtazame yeye, kisha kioo,
kisha ufuate neli kwa vidole mpaka mwisho wake.

Umeme ukikatika, na utakatika,
jenereta hukohoa kwanza ndipo iamke.
Mfuko wa mkono uko hapa, kichwani pa kitanda,
si kabatini, si wodi ya pili.
Kamua taratibu. Woga hukamua mbio.
Usimpe pumzi ya pili
kabla hujamwachia aitoe ya kwanza.

Kesho watapunguza dawa ya usingizi,
tumjaribu apumue mwenyewe.
Mashine hii ni kama feri ya Likoni:
yavusha watu, na hakuna anayehamia humo.

Bintiye Mbodze yuko kwenye benchi la nje,
amepakata viatu vya babake ndani ya mfuko wa sokoni.
Aliniuliza kama avirudishe nyumbani.
Nikamwambia, bado, kaa navyo.

Haya. Nisomee tena namba ya mdomoni.